Barua ya Wazi kwa Mawaziri: Nyumba ya Mwalimu Ianzie Kiwandani

Kwa Waheshimiwa,
Waziri wa Nchi anayeshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
na Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi.

YAH: NYUMBA ZA WALIMU NA WAUGUZI WA VIJIJINI ZIJENGWE KIWANDANI

Waheshimiwa Mawaziri,

Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 34, na miaka 13 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja iliyo katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Sasa nimestaafu. Sina kampuni, sina zabuni ninayoitafuta, na jambo ninalowaandikia nimekuwa nalo moyoni tangu siku nilipokabidhi ofisi: nyumba ya mwalimu ambayo nilishuhudia ikichimbiwa msingi na ambayo nimeiacha ikiwa boma.

Kijiji kilianza kuijenga mwaka 2012. Wananchi walifyatua tofali na kuzichoma, vijana wakasomba mawe na mchanga, kina mama wakateka maji ya kuchanganyia zege kutoka mtoni kwa ndoo za kichwani, na ndani ya miezi minne kuta zikafika kwenye linta. Utaratibu sote tunaujua: nguvu za wananchi zinyanyue boma, halmashauri imalizie. Fedha ya kumalizia ilikuja mara mbili, na mara zote mbili ilikuja Desemba. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na lori lenye mzigo haliwezi kushuka mteremko ule ukiwa na utelezi. Mara ya kwanza mifuko 40 ya saruji ilikwama njiani siku tatu, ikafika imelowa, na nilipoihesabu mwenyewe kwenye stoo ya shule nilikuta 17 imeganda, migumu kama mawe ya msingi. Mara ya pili mbao za kenchi zililetwa zikiwa mbichi, zikapinda kabla fundi hajapaua, na fedha iliyobaki haikutosha kununua nyingine. Leo mbarika umeota sebuleni na kupita kimo cha dirisha, mbuzi hujikinga mvua pale ambapo pangekuwa jikoni, na nondo zilizochomoza juu ya linta zimeliwa na kutu.

Januari moja tuliletewa mwalimu wa hisabati, binti aliyekuwa ametoka chuoni. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na godoro na begi moja, akanisalimia, kisha akatazama upande wa lile boma na kuuliza, "Mwalimu Mkuu, nyumba ndiyo ile?" Nilimjibu kwamba ndiyo ile, mwanangu, ila haijaisha. Alilala kwenye chumba tulichokuwa tukihifadhia vitabu, akaoga kwenye bafu la magunia nyuma ya darasa la nne, na alifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote wa hisabati niliyewahi kufanya naye kazi. Mwaka uliofuata aliomba uhamisho. Niliisaini barua yake bila kumlaumu, na darasa la saba la mwaka ule halikuwa na mwalimu wa hisabati hadi Agosti.

Sisemi haya ili kuishitaki halmashauri yetu, kwa sababu watumishi wake niliwaona wakihangaika kama sisi. Hoja yangu ni kwamba njia yenyewe ina kasoro. Nyumba ya mwalimu ina ramani moja nchi nzima, lakini kila kijiji huijenga kana kwamba haijawahi kujengwa popote, kwa mafundi wapya, kwa vifaa vilivyonunuliwa dukani kidogo kidogo, tena mahali ambapo kuijenga ni kugumu kuliko pengine pote. Tunapeleka kazi yote kijijini ilhali kijiji ndicho chenye uhaba wa maji, umeme, mbao kavu, kokoto na mhandisi. Ninaomba tuigeuze: kazi kubwa ifanyike kiwandani, na kijijini kibaki kile ambacho hakiwezi kufanyika pengine.

Nyumba inayojengwa kiwandani hutengenezwa chini ya paa, juu ya meza iliyonyooka, na watu walewale kila siku. Kuta hutoka zikiwa na nyaya za umeme na mabomba ndani yake, madirisha na milango ikiwa imeshafungwa, na kenchi zikiwa zimekatwa kwa kipimo kimoja. Zipo zinazosafirishwa kama vyumba vizima, moduli moja juu ya lori moja, na zipo zinazosafirishwa kama kuta zilizolazwa na kupangwa kama vitabu. Wakati kiwanda kinatengeneza, kijijini mafundi wanachimba msingi na kumwaga jamvi, kwa hiyo kazi mbili zinakwenda pamoja badala ya moja kuingojea nyingine. Mzigo ukifika, nyumba husimama kwa siku chache na kufungwa kwa wiki chache. Kwa sehemu yenye miezi sita ya mvua, tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya nyumba na boma.

Faida ninayoithamini kuliko zote, hata kuliko kasi, ni ukaguzi. Mhandisi wa wilaya ana vijiji vingi na gari moja ambalo nusu ya mwaka liko gereji, na akifika kwenye jengo letu hukuta lipu imeshapigwa, hawezi kuona kama fundi aliweka nondo nne au mbili, wala kama zege lilichanganywa kwa mfuko mmoja wa saruji au nusu. Kiwandani mhandisi huyohuyo anaweza kusimama mahali pamoja na kukagua nyumba 20 zikiwa wazi, kabla ukuta haujafunikwa, akarudisha ule wenye kasoro bila kumsafirisha mtu yeyote kilomita hata moja. Vipande vya mbao vinavyobaki hutumika kwenye nyumba inayofuata, saruji haigandi stoo, na hakuna anayeondoka na mabati usiku. Hesabu ya gharama pia hubadilika tabia, kwa kuwa nyumba ya kumi inajulikana bei yake kabla haijaanza, jambo ambalo kwenye maboma yetu halijulikani hata jengo likiwa limefika kwenye linta.

Sitawaambia kwamba nyumba hizi ni rahisi kila mahali. Karibu na mji, ambapo saruji iko jirani na mafundi ni wengi, ujenzi wa kawaida unaweza kuwa na nafuu zaidi. Hesabu ya haki ni ile inayoweka upande mmoja bei ya nyumba ya kiwandani ikiwa imesimama kijijini, na upande wa pili bei ya boma pamoja na saruji iliyoganda, mbao zilizopinda, safari za ukaguzi, na mwaka mzima wa watoto wasiofundishwa hisabati.

Ninaomba pia wazo hili lisichanganywe na kontena. Wakati barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipokuwa ikijengwa kwa lami, nilipita mara nyingi kwenye kambi za makandarasi na kuona vibanda vya kuta nyembamba vilivyosimamishwa kwa siku chache na kuondolewa kazi ilipokwisha. Kwa kambi vilifaa. Kwa familia ya mwalimu katika bonde letu, ambako Oktoba bati huwaka hadi usiku, kibanda cha namna ile kitakuwa adhabu. Nyumba ninayoisema ina dari yenye kuzuia joto, paa lililotokeza mbele ili kivuli kifike ukutani, madirisha ya kupitisha upepo pande mbili, na msingi wa zege ulioinuliwa ili mchwa asipate njia. Kiwanda kinaweza kuyatengeneza yote haya vizuri kuliko sisi, mradi kiagizwe hivyo tangu mwanzo.

Kuhusu usafiri, maoni yangu ni haya. Moduli nzima ni mzigo mpana unaohitaji kibali, barabara nzuri na winchi ya kuinulia, kwa hiyo inafaa miji na makao makuu ya wilaya. Kwa vijiji kama chetu ziletwe kuta zilizolazwa, zibebwe na lori la kawaida la tani kumi, na kila ukuta uwe na uzito ambao wanaume sita au wanane wanaweza kuunyanyua bila mashine. Sehemu moja tu ije ikiwa imekamilika, nayo ni ile yenye bafu, choo na jiko vikiwa vimegeuziana mgongo kwenye ukuta mmoja wenye mabomba yote, kwa kuwa hapo ndipo mafundi wetu hukosea na ndipo nyumba huanza kuoza.

Wazo hilo la ukuta mmoja wa mabomba si langu. Uingereza ililitumia ilipotoka vitani. Mwaka 1944 Bunge lake lilipitisha sheria ya makazi ya muda, na katika miaka michache iliyofuata nyumba zaidi ya 156,000 zilijengwa kwa vipande vilivyotoka viwandani. Baadhi zilikuwa za alumini, zikitengenezwa katika viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za kivita, na kila nyumba ilisafirishwa vipande vinne juu ya malori, jiko na bafu vikiwa tayari. Zilikusudiwa kukaa miaka 10 tu, lakini ziko zilizokaliwa zaidi ya miaka 50, na wakazi wake walipotakiwa kuhama baadhi yao waligoma kwa sababu walizipenda. Sweden nayo imefanya njia hii kuwa ya kawaida kabisa, kiasi kwamba nyumba nyingi za familia moja nchini humo hutokana na sehemu zilizotengenezwa kiwandani, tena kwa mbao.

Lakini Uingereza hiyohiyo ina somo lingine, na ndilo lililonifanya niandike barua hii kwenu badala ya kuwaandikia wenye viwanda. Mei 2023 kampuni ya Legal & General ilisitisha uzalishaji katika kiwanda chake kikubwa cha nyumba za moduli karibu na Leeds, na mwezi uliofuata kampuni ya Ilke Homes, nayo ya nyumba za moduli, ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Mashine walikuwa nazo, wafanyakazi walikuwa nao, na uhaba wa nyumba nchini mwao ulikuwa mkubwa. Walichokosa ni oda zinazofuatana. Fundi wa kawaida akikosa kazi mwezi mmoja hupumzika, akarudi kazi ikipatikana, ilhali kiwanda kinalipa mishahara, umeme na riba ya benki kila mwezi, kiwe kimetoa nyumba au hakikutoa. Mwekezaji yeyote wa kwetu atakayefungua kiwanda cha namna hii kwa kutegemea mteja mmoja mmoja atafunga kabla ya mwaka wa tatu.

Serikali pekee ndiyo yenye uwezo wa kuwa mteja wa kudumu, na imeshaonyesha kwamba inaweza. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, yote kwa ramani moja na kwa bei moja ya shilingi milioni 20 kwa darasa. Nilikuwa bado mwalimu mkuu. Tulipata madarasa mawili, na ninashukuru hadi leo. Nakumbuka pia jinsi kila shule ilivyokimbilia maduka yaleyale kwa wakati uleule, saruji ikapanda bei wiki hadi wiki, na mafundi wakawa wanagombaniwa na kata tatu. Ilikuwa oda kubwa, lakini iligawanywa vipande vidogo 15,000 kabla haijafika sokoni. Laiti sehemu yake ingepelekwa kiwandani, ikasambazwa kwa miaka mitatu au minne, leo tungekuwa na kiwanda kinachofanya kazi pamoja na madarasa.

Malighafi tunayo. Msitu wa Sao Hill ulioko Mufindi ni wa umma, na Mafinga imejaa viwanda vya mbao na vya mbao za tabaka (plywood). Nguzo za umeme zinazosimama vijijini hutiwa dawa palepale nyanda za juu, kwa hiyo ujuzi wa kuikinga mbao na mchwa hauhitaji kuagizwa kutoka nje. Ninaloliogopa ni kuona wazo hili likigeuka meli ya vibanda vilivyonunuliwa ng'ambo, vikashushwa bandarini Dar es Salaam, na mlango ukiharibika mwaka wa pili hakuna pa kupata bawaba. Ziagizwe mashine, nyumba zitengenezwe hapa, na vipimo vya milango, madirisha na mabomba viwe vile ambavyo duka la vifaa la Sumbawanga au Laela linauza.

Wapo watakaouliza mafundi wetu watakula nini. Ni swali la haki, na mimi mwenyewe nina ndugu wanaoishi kwa mwiko na pima maji. Kijijini bado kutabaki msingi, jamvi, kuunganisha kuta, shimo la maji taka, tangi la kuvunia mvua, njia na uzio, na kazi hizo wapewe mafundi wa kata ileile baada ya mafunzo mafupi ya VETA. Wengine watahitajika kiwandani, chini ya paa, kwa mshahara wa mwezi na bima, wakiwemo mabinti ambao kwenye saiti zetu huishia kubeba maji. Mimi ningependa fundi mwashi wa kwetu apate kazi ya uhakika kwenye misingi 30 kwa mwaka kuliko kusubiri boma moja ambalo fedha yake haijulikani itakuja lini.

Kuhusu usalama msiruhusu haraka. Nyumba ya vipande hufa kwenye viungo. Mei 16, 1968, jengo la ghorofa 22 lililoitwa Ronan Point, huko London, lilibomoka kona nzima kutoka juu hadi chini baada ya gesi kulipuka katika nyumba moja, na watu wanne walikufa, kwa sababu kuta zake zilizotoka kiwandani hazikufungwa pamoja kwa nguvu ya kutosha. Sisi hatujengi ghorofa kwa ajili ya walimu, lakini tunaishi juu ya Bonde la Ufa, na tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilivyoiharibu Shule ya Sekondari Ihungo bado tunalikumbuka. Nyumba nyepesi ya mbao iliyofungwa vizuri ina nafuu kwenye tetemeko kuliko ukuta wa tofali usio na nondo, ila ni lazima iwe imefungwa vizuri. Watafiti wa Serikali wa nyumba na ujenzi pamoja na Shirika la Viwango wapewe fedha na muda wa kuandika viwango vya viungo, vya kuzuia moto, vya joto na vya upepo, na nyumba ya kwanza ivunjwe kwa makusudi kwenye majaribio kabla ya kumpa mwalimu yeyote ufunguo.

Kiwanda kikishakuwepo kitasaidia hata pale ambapo hakikukusudiwa. Maporomoko ya tope ya Hanang yalitokea Desemba 3, 2023, na nyumba za kudumu za walionusurika zilikabidhiwa baada ya takribani mwaka mmoja, kazi ambayo kwa njia tunayoitumia ni ya kupongezwa. Kiwanda chenye kuta za nyumba 50 zilizopangwa ghalani kingeweza kuanza kuzipakia siku ileile ambayo viwanja vimepimwa, na familia zikatoka kwa ndugu na jamaa kabla mtoto hajapoteza muhula.

Ninachokiomba, basi, kwenye bajeti ya mwaka wa fedha ujao, ni oda moja iliyoandikwa kwa miaka mitano, yenye idadi ya nyumba kwa kila mwaka, ya nyumba za walimu na wauguzi katika vijiji ambavyo barabara hufungwa wakati wa mvua, ishindaniwe na wenye viwanda wa ndani, likiwemo Shirika la Nyumba la Taifa na SUMA JKT kama watapenda. Ianze kwa nyumba chache, 40 au 50, za familia mbili kwa moja, zikaliwe kwa misimu miwili ya mvua, na walimu wanaoishi ndani yake waulizwe wenyewe kama joto linavumilika, kama paa linavuja, kama mtoto analala. Mzigo utoke kiwandani mwezi wa Juni, fedha ikiwa imeshalipwa, ili ushuke mteremko njia ikiwa kavu.

Kiwanja chetu kipo. Tulikipima na serikali ya kijiji kwa hatua zangu mwenyewe, kisha kwa futi kamba: mita 30 kwa 40, upande wa mashariki wa shule, na bomba la maji linapita karibu mita 60 kutoka hapo. Mwenyekiti wa kijiji amenihakikishia kwamba wananchi watachimba msingi bila malipo kama walivyofanya mwaka 2012, na mwalimu mkuu aliyenipokea ofisi anasema amearifiwa kwamba Januari ataletewa walimu wawili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu mstaafu,
Bonde la Ziwa Rukwa.